Mialoni ya Nguruwe

Kwa Jagoda Benaković miti ilikuwa ya aina mbili tu: wima na takataka. Mti wima ni mwaloni uliopanda moja kwa moja, bila tawi wala fundo, mpaka shingo ya mtazamaji ikauma. Huo aliuzungushia rangi ya njano, akaupa namba, akauandikia makala zilizosomwa mpaka ng'ambo. Takataka ni mwaloni mwingine wowote. Wala hakulisema neno hilo kwa chuki. Alilisema kama mpishi anavyosema maganda.

Basi siku mrithi wake, aliyeitwa Tena, alipompigia simu akamwomba waende pamoja kwenye shamba la majaribio la Stari Lug, Jagoda alivaa buti zake upesi kama msichana aliyealikwa harusini. Alikuwa amestaafu, na mstaafu akiitwa kazini hujiona amefufuliwa. Tena alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye sasa ndiye aliyekalia kiti chake katika taasisi ya misitu.

Ulikuwa mwezi wa Julai. Majani ya mialoni yalikuwa yamepauka kama yaliyopakwa majivu, kwa maana kunguni wa majani, mdudu mgeni aliye mdogo kuliko punje ya mchele, alikuwa amekwisha kuyanyonya. Hilo Jagoda alilizoea. Hakuwa amezoea kile ambacho Tena alimwonyesha kwa kidevu.

Kushoto mwa njia miti ilikuwa imenyooka kama askari kwenye gwaride, na vichwa vyake vyote vilikuwa vikavu. Kulia ilikuwa mifupi, imepinda huku na huku kama walevi wanaotafuta mlango, na vichwani ilikuwa bado na kijani.

"Safu ya kushoto ni ya nani?" aliuliza Jagoda, ingawa alijua.

"Yako, Profesa. Mbegu za bustani yako."

"Na ya kulia?"

"Za kuokota ovyo kwenye matuta. Uliniambia niziweke za kulinganishia tu. Ulisema tupande na takataka kidogo ili watu waone tofauti."

"Basi wameiona," alisema Jagoda.

Alisogea kwenye mti mmoja wa kushoto, akaukwaruza gome kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa na rangi ya chai, si kijani.

"Labda udongo."

"Udongo ni ule ule."

"Labda mlikosea vibao."

"Profesa." Tena alishusha sauti zaidi. "Nimepima mara nyingi kuliko ninavyotaka kukwambia. Sikutaka kukuita mpaka niwe na hakika. Mama wa mbegu zako wote uliwachagua mabondeni, pale mto ulipokuwa unafurika kila masika. Walinyooka kwa sababu walikunywa. Tukajenga kingo, tukaufunga mto, maji ya ardhini yakashuka. Wana wao wamezaliwa na kiu ya mama zao, na hakuna cha kuikata."

Jagoda aliangalia mbele, pale safu zilipokuwa zinakutana na msitu mkubwa wa Spačva, na nyuma ya msitu huo msitu mwingine, mpaka mto Sava. Kila mahali palipokatwa mwaloni wa kale, tangu ujana wa Jagoda mpaka uzee wake, palipandwa mche wa mbegu za bustani yake. Hakuuliza ni mingapi. Yeye ndiye aliyeipanda.

*

Alizaliwa Stari Lug, nyumba ya mwisho kabla msitu haujaanza. Baba yake alikuwa mlinzi wa msitu, mtu wa kofia ya kijani na maneno ya kubana, ambaye watoto wa kijiji walimwogopa kuliko padri. Kwa hiyo shuleni jina lake halikuwa Jagoda. Alikuwa Binti wa Mlinzi, na aliyemwita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Stipan, mtoto wa wafuga nguruwe, aliyekaa dawati la nyuma na kunuka banda.

Alikwenda Zagreb kusoma elimu ya nasaba za miti, wakati ambapo hata mama yake hakuamini kwamba miti ina nasaba. Huko alimkuta Profesa Hinko, mzee mwembamba aliyemfundisha kuparamia mwaloni kwa kucha za chuma, kukata kikonyo cha ncha na kukibebesha juu ya mche mchanga, ili mti wa miaka mia mbili uzaliwe upya na sura yake ile ile. Hinko alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama sala: usikate kikonyo kabla mto haujaganda kingoni. Mti usiopigwa na baridi kali haujalala, na asiyelala hapasuliwi. Jagoda alisubiri kingo za mto Bosut zigande kila mwaka, akakata, na kila mwaka vikonyo vyake vilishika kuliko vya mtu yeyote nchini.

Hivyo ndivyo alivyojenga bustani ya mbegu, safu kwa safu. Akaolewa na bustani hiyo. Mwanamume aliyemchumbia alichoka kungoja zamu yake akaenda Ujerumani. Vita vilipokuja, mstari wa mapigano ulipita karibu na ua wake, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kurudi nyuma ya wateguaji mabomu, akikanyaga pale tu walipokanyaga. Miti yake ilikuwa imesimama. Alilia akiwa amekumbatia mmoja, na askari mmoja akamwambia mwenzake, "Hebu mwone, na mumewe yuko wapi?"

Baada ya vita alifanya jambo ambalo vitabu vyote vya kazi yake vilimwagiza afanye. Bustani ya mbegu bora haitakiwi kuzungukwa na miti mibovu, maana upepo hauchagui. Chavua ya takataka huingia ikaharibu uzao. Akaandika amri: mialoni yote iliyopinda kwenye matuta kuzunguka bustani ikatwe. Ikakatwa. Ikabaki kundi moja tu, malisho ya akina Stipan, mialoni mizee yenye matumbo na vidonda, iliyoachwa hai vizazi vingi kwa sababu moja: kila vuli ilidondosha matunda, na nguruwe weusi wakala wakanenepa.

Stipan alisimama getini na uma wa samadi.

"Hii si miti ya madaktari," alisema. "Hii ni miti ya nguruwe."

Walikutana tena siku ya kuchinja nguruwe, kwa jirani, meza imejaa nyama, kijiji kizima kikisikiliza. Jagoda, uso ukiwa moto kwa rakija, pombe kali ya matunda, alisema miti ya Stipan ni takataka, na anayeilinda takataka si mlinzi bali ni jalala. Watu walicheka. Stipan hakucheka. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, hata kwenye mazishi.

*

"Mama gani wa kwenye matuta amebaki?" Tena aliuliza siku ile ya Julai, wakiwa wanarudi garini. "Wa asili. Kabla ya mbegu zako. Kama yupo hata mmoja, tunaweza kuanza upya."

Jagoda alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena.

"Wapo," alisema. "Wako kwa mtu."

Alikwenda vuli ilipoingia. Alimkuta Stipan ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mabanda. Mabanda yalikuwa wazi na yamepakwa chokaa, meupe pee, hayana hata harufu.

"Binti wa Mlinzi!" alisema Stipan bila kuinuka. "Umekuja kukagua jalala?"

"Nimekuja kukusalimu."

"Salamu imechelewa, lakini si nyama, haivundi. Keti."

Hapakuwa na kiti. Aliketi juu ya tofali. Stipan alileta chupa na glasi ndogo mbili, akamimina.

"Pole kwa nguruwe," alisema Jagoda. Homa ya nguruwe ilikuwa imepita wilaya nzima kiangazi kile, na kila zizi lililokuwa karibu na ugonjwa lilifutwa, mzima na mgonjwa.

"Wangu hawakuumwa. Aliyeumwa ni wa kijiji cha pili." Stipan aliitazama glasi yake. "Walikuja na mavazi meupe, wenye adabu, vijana wa watu. Wote waliwapata isipokuwa Cvita. Yule jike mkubwa. Aliingia mialoni akagoma. Wakaniambia, mzee, wewe anakujua, mwite. Nikamwita kwa jina lake, Jagoda. Akaja."

Wakanywa.

Tunda la mwaloni lilidondoka juu ya bati la banda. Ta. Kisha lingine.

"Unasikia?" alisema Stipan. "Hivyo ndivyo kila asubuhi. Yakianza kudondoka nainuka, navaa, nakuja kufungua mlango. Nafungua banda tupu. Kila asubuhi! Mke wangu anasema niende kwa daktari. Nikasema daktari sina haja naye, niliwahi kusoma naye dawati moja, akaniita jalala."

"Wewe ulikaa nyuma."

"Ndiyo maana nilikuona vizuri." Alicheka kidogo, kicheko kikakatika. "Nimeiuza. Yote. Mtu wa kuni atakuja na machenso, misumeno ya injini. Nitalima mahindi. Mahindi hayadondoki juu ya bati."

Jagoda aliweka glasi chini. "Usiiuze."

"Nimekwambia nimeiuza, si ninaiuza."

"Stipan, nisikilize. Miti yangu inakufa."

"Nimeiona. Nina macho."

"Yako haifi. Hiyo yako ndiyo pekee iliyobaki inayojua kukaa bila maji. Nilikosea. Sikukosea kidogo, nilikosea maisha mazima." Alisema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Naomba vikonyo. Matawi ya ncha tu, ukubwa wa penseli. Halafu ukate."

Stipan aliinama, akachota matunda kwa kiganja, akamwekea mapajani. "Basi chukua hizi. Zimejaa. Jaza gunia, jaza trekta."

"Hazinifai."

"Hazikufai!"

"Mama ni mwaloni wako, lakini baba ni upepo. Na upepo wote hapa unatoka bustani yangu. Nimekuzunguka pande zote. Nusu ya damu humu ndani ni ile ile inayokufa."

Stipan alimkodolea macho, kisha akapiga paja. "Ama wewe mwanamke! Hukuzaa hata mmoja, halafu umewapa mimba mialoni ya nchi nzima!"

Hata Jagoda alicheka, kisha akajifuta macho, na haikujulikana anafuta nini.

"Nisubiri mpaka baridi ishike," alisema. "Vikonyo havikatwi sasa. Lazima mti ulale kwanza."

"Mtu wa kuni anataka mwezi wa kumi na moja."

"Mcheleweshe."

Stipan aliinua uso akaitazama mialoni yake. Ta, bati lilisema. Ta, ta.

"Mpaka Sikukuu ya Mishumaa," alisema hatimaye. "Mwanzo wa Februari. Siyo kwa ajili yako. Ni kwa sababu umesema ulikosea, na nilitaka nife nimelisikia."

*

Tena alipoambiwa habari ya matunda alisema yaokotwe hata hivyo. "Heri nusu shari, Profesa."

"Sitaanza upya na machotara," Jagoda alisema. "Safari hii nafanya kwa usahihi." Nguruwe mwitu waliingia malishoni wakala kila kitu mpaka maganda, maana nguruwe wa Stipan, wenyewe wa matunda yale, hawakuwapo tena.

Kisha akaanza kusubiri baridi.

Kila asubuhi alitembea mpaka ukingo wa Bosut akiwa na fimbo, akaigusa ile sehemu ya maji kati ya matete na tope, mahali ambapo barafu huanza. Maji yalikuwa meusi na laini. Novemba ikapita na ukungu. Desemba ikapita na mvua nyembamba ya uvuguvugu. Siku ya Krismasi majirani walitoa meza nje wakala wamevaa mikono mifupi, wakamwita, "Profesa, njoo, leo tuko pwani, Dalmatia!" Akaenda, akala kipande cha kulen, soseji ya nguruwe, kilichobaki cha mwaka uliopita, cha mwisho katika mtaa ule, kila mtu akipewa ubale mwembamba kama mtu anayekomunika.

Tena alipiga simu.

"Kata sasa, Profesa. Wamelala kiasi chao."

"Mto haujaganda."

"Na usipoganda?"

"Utaganda. Januari haijawahi kupita bila kuganda."

"Nitakuja mwenyewe nikate."

"Stipan hakukupa ruhusa wewe. Alinipa mimi." Jagoda alisikia sauti yake ikipanda. "Kikonyo kisicholala hakishiki. Nimebebesha miti kabla hujazaliwa. Kama hilo nalo silijui, basi niambie ninajua nini!"

"Hinko alikufundisha vizuri," alisema Tena. "Lakini Hinko amekufa, na ile baridi yake wamezikwa pamoja."

Jagoda alikata simu. Alikaa jikoni amevaa koti, mikono mapajani. Macho yake yalimdanganya kwa muda wa kazi nzima. Aliona uzuri akauita afya. Masikio yake yalimdanganya, kwa sababu yalisikia sifa tu. Kitu kimoja tu katika elimu yake hakijawahi kumdanganya, nacho ni ile sheria ya mto. Akiivunja hiyo atasimama juu ya nini? Kwa hiyo akashikilia, kama anayezama anavyoshika unyasi, akijua ni unyasi.

Katikati ya Januari vichaka vya hazeli vilichanua manjano, dalili kwamba miti imeanza kuamka. Jagoda aliviona, akageuza uso kama mtu aliyekutana na mdai wake njiani. Nyuki walitoka. Aliendelea kwenda mtoni. Jioni moja redio ilitangaza baridi kutoka kaskazini, akaandaa mkasi, nta, magazeti mabichi na sanduku la barafu, akalala na soksi mbili. Asubuhi nyasi zilikuwa na weupe mwembamba, ukayeyuka kabla hajafika ukingoni. Maji yalikuwa yale yale.

*

Siku ya Mishumaa ilikuwa ya jua. Stipan alikuwa anamsubiri malishoni, bunduki ya kuwindia begani; mialoni ile haikupandika tena kwa umri wa wote wawili, na njia ya haraka ya kushusha matawi ya juu ni risasi. Barabarani lori la mtu wa kuni lilikuwa limekwisha simama, na vijana wawili wanakula mkate juu ya bodi, machenso miguuni.

"Nianzie wapi, Daktari?"

"Ule mkubwa. Juu kabisa, upande wa kusini."

Stipan alilenga. Mlio ukapasua hewa, kunguru wakaruka, na tawi jembamba likashuka likizunguka zunguka mpaka miguuni kwa Jagoda. Aliinama akaliokota.

Macho ya tawi yalikuwa yamevimba. Yale magamba ya kahawia, ambayo mwaloni uliolala huyabana kama ngumi, yalikuwa yameachana, na katikati ya kila jicho palikuwa na mdomo mdogo wa kijani. Mti ulikuwa macho. Labda haukuwa umelala hata siku moja ya majira yale. Au ulilala usingizi wa paka, Desemba, katika moja ya asubuhi zile alizosimama mtoni na fimbo.

"Vipi?" Stipan aliuliza. "Nzuri?"

Angeweza kumwambia. Lakini kumwambia kungebadili nini? Kusubiri zaidi kungeyafumbua zaidi. Vijana walikuwa wamemaliza mkate.

"Endelea," alisema.

Stipan alipiga mpaka risasi zikaisha. Jagoda alifunga vikonyo kwa magazeti mabichi, akaandika namba, akavilaza ndani ya barafu kwa upole, kama watoto wasiotaka kulala. Alipokuwa anafunga sanduku, chenso ya kwanza iliwaka. Mwaloni mkubwa ulichukua muda. Ulikuwa na uwazi tumboni, na ulipoanguka haukuanguka kwa kishindo bali kwa mguno, ukaporomoka kwa magoti kwanza. Stipan alivua kofia.

Kabla mwezi haujaisha tingatinga liling'oa visiki na shamba likalimwa.

*

Alibebesha mwezi wa nne, nyuma ya nyumba yake, ndani ya kibanda cha nailoni. Tena alikuja kumshikia utepe. Miche ya kubebeshea ilikuwa tayari kwenye vyungu, na mikono ya Jagoda ilitulia mara iliposhika kisu. Mkato mmoja mrefu kwenye kikonyo, mkato mmoja kwenye shina, ngozi kwa ngozi, utepe, nta. Tena aliyaona yale macho yaliyovimba. Aliyatazama, akamtazama mwalimu wake, akaendelea kufunga utepe.

"Sema," Jagoda alisema.

"Sina la kusema, Profesa."

"Ndiyo maana nakwambia sema."

"Nitapika kahawa," Tena alisema.

Baada ya muda si mrefu, asubuhi moja, Jagoda aliingia kibandani akakuta majani. Madogo, mekundu kama masikio ya kichanga, yametoka kwenye kikonyo kimoja, na kingine, na safu nzima. Alikaa chini kwenye udongo wenye maji. Alijua. Katika fungu lake lote la elimu alijua kwamba jani si ushahidi, kwamba kikonyo kilichoamka kinaweza kufungua majani kwa akiba yake mwenyewe, kama mtu anayekula mbegu ya kupanda. Alijua, na bado alichukua simu.

"Stipan! Imeshika! Imefumbua macho!"

Upande wa pili pua ikavutwa.

"Nitakuja kuchukua mmoja," alisema Stipan. "Nimeacha kona moja sikuilima. Usicheke."

"Sicheki."

Wiki iliyofuata ilikuwa ya joto. Majani yalilegea siku moja mchana, jioni yakainuka, kesho yake yakalegea tena na hayakuinuka. Jagoda alinyunyiza maji, akafunika kwa shuka, akalala pale pale kibandani juu ya kiti cha kukunja. Majani yakawa kahawia kuanzia pembeni. Alichukua kisu, akafungua utepe wa mche wa kwanza. Pale ngozi ilipotakiwa kukutana na ngozi palikuwa na mstari mweusi mwembamba. Kikonyo kilidondoka chenyewe. Akafungua wa pili, na wa tatu, na wote.

Akatoa vikonyo vya akiba kwenye friji. Vilikuwa vimeota ukungu mweupe, laini kama manyoya.

Alimpigia Tena. Aliita jina lake tu.

"Nakuja," alisema Tena.

"Usije. Kuna nini cha kuja kuona?"

*

Stipan hakupiga simu kwanza. Watu wa kijijini hawapigi simu kwenda mahali pa kilomita chache. Jagoda aliisikia baiskeli, kisha akamwona mlangoni mwa kibanda, amenyoa, amevaa shati la kanisani, ameshika ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na udongo mweusi wa malishoni.

"Nimeleta udongo wake," alisema, "asione ugeni."

Halafu akaona miche, uso ukafunguka.

Maana vyungu vilikuwa vimejaa kijani. Chini ya mahali pa kubebeshea, mashina yalikuwa yametoa machipukizi, yenye afya, yenye haraka, yamepanda wima kama mshale. Stipan alipita kati ya safu mikono ikiwa nyuma, kama mnunuzi mnadani, akachagua mmoja, akaunyanyua na chungu chake.

"Huu. Hebu utazame! Mama yake alikuwa na nundu kama ngamia, na yeye tazama alivyonyooka. Kweli wewe ni fundi, Jagoda. Nilisema mengi, lakini ufundi unao."

Jagoda alitazama mikono mikubwa ya Stipan ilivyoukumbatia ule mche. Ilimjia kwamba akinyamaza sasa, mzee huyu ataenda nyumbani na furaha. Ataupanda kwenye kona yake, ataumwagilia, na atakufa kabla haujakauka kichwa.

"Uweke chini," alisema.

"Kwa nini? Ni wa mtu?"

"Ni wangu. Huo si mwaloni wako, Stipan. Hilo ni shina nililobebeshea. Limetoka kwenye mbegu za bustani yangu, sikuwa na mbegu nyingine. Chako kilikuwa juu. Kimekufa."

"Na huu?"

"Wote. Vyote vimekufa."

Stipan aliweka chungu chini polepole sana, kama kitu kilicholala. "Lakini uliniambia imeshika."

"Nilikwambia."

"Ulisema imefumbua macho."

"Ilifumbua. Ilikuwa imeamka toka nilipoikata. Nilichelewa. Nilikuwa nangoja mto ugande."

Stipan aliinua macho, yakiwa na mshangao mtupu, bila hasira, na hilo ndilo lililomkata maini Jagoda. "Mto? Mwaka huu? Mbona hata mimi ningekwambia haugandi." Akatazama safu za vyungu. "Uliniomba nisubiri, nikasubiri. Ungeniambia wakati wa Krismasi, ningepiga risasi siku ya Krismasi."

"Najua."

"Sasa mwaloni wangu uko wapi?"

Alimwonyesha meza. Vikonyo vilikuwa vimelala pale kwenye gazeti, pamoja na vipande vya utepe. Stipan alikichukua kimoja akakikunja. Kikavunjika kwa mlio mdogo mkavu. Akakirudisha, akavilinganisha vile vipande viwili vikae sawasawa.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Tufanye nini sasa?"

Swali hilo Jagoda alikuwa ameulizwa kwenye kumbi za miji mingi, na hakuwahi kushuka jukwaani bila jibu. Alifungua mdomo.

"Sijui," alisema. "Stipan, mimi sijui."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu aliyeambiwa saa. Alitoka. Mlangoni aliinamisha ndoo akaumwaga ule udongo kando ya njia, kwa sababu ndoo aliihitaji nyumbani, akaining'iniza kwenye usukani, akaondoka akisukuma baiskeli kwa miguu.

Jagoda alisikiliza mpaka magurudumu yasisikike. Halafu akachukua mkasi, akakaa mbele ya chungu cha kwanza, akaanza kukata machipukizi ya shina, moja moja, karibu kabisa na gome, kama inavyotakiwa kwa kila mche uliobebeshwa ili shina lisikipokonye kikonyo chakula, ingawa vikonyo vilikuwa mezani, vikavu. Akamaliza chungu cha kwanza, akasogeza kiti kwenye cha pili.